Jicho lililokatazwa kupanda mlima

Nilikuwa na jicho moja tu la kufanyia kazi. La kushoto lilichukuliwa na surua nikiwa mtoto, na nilizoea kuishi bila hilo hata nikasahau kwamba watu wengine wanayo mawili. La kulia ndilo lililonisomesha. Lilinipitisha shule ya msingi, sekondari na chuo kikuu, likidai miwani minene zaidi kila baada ya miaka michache, na mimi nikiichukua miwani ile kuwa dalili ya akili. Daktari alinieleza baadaye kwamba jicho la namna hiyo hurefuka kwa nyuma, na retina, ile ngozi nyembamba inayopokea picha, huvutika kama ngozi ya ngoma mpaka siku inapochanika. Akili haikuhusika.

Ilichanika Kashebere, pale Walikale inapopakana na Masisi, katika miaka ambayo shule ilifunguliwa na kufungwa kufuatana na habari za barabarani. Nilikuwa nikifundisha fizikia. Chuoni nilisoma fasihi, lakini mwalimu wa fizikia alikuwa amekimbia vita, na mkuu wa shule aliamua kwamba mtu aliyefika chuo kikuu anaweza kufundisha chochote. Alinipa daftari la aliyenitangulia, nami nikawa ninalinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri. Siku moja nikaona inzi wadogo weusi juu ya ubao. Niliwafukuza kwa mkono wenye chaki. Wanafunzi walicheka, na siku ya pili wote darasani walikuwa wakifukuza inzi.

Baada ya inzi likaja pazia. Lilianzia chini, upande wa pua, jeusi, likapanda polepole. Nililaumu moshi, kisha taa, kisha daftari. Muuguzi mmoja kule Buleusa alinipa dawa ya kupaka, nikapaka kwa bidii, na pazia likaendelea na safari yake. Aliyegundua jambo ni mke wangu. Yeye alikuwa anakaa kwetu Kingi, karibu na Masisi, kwenye mashamba yetu ya maharage na mihogo, pamoja na watoto na mama yangu. Alikuja kunitembelea, akanipikia, nikala, nikamwambia nimeshiba.

"Papa," akasema, "umekula bugali ya upande moja."

Aliigeuza sahani. Kweli, nusu nyingine ilikuwa pale, na mboga zake. Kesho yake tulipanda lori la kwenda Goma.

Daktari tuliyemkuta huko alikuwa mgeni aliyekuja kwa majuma machache tu, na alitoka katika nchi ambayo, kwa maelezo yake, ni tambarare kiasi kwamba mtu akisimama juu ya meza anaona jimbo jirani. Alikuwa mpole na hakupoteza maneno. Alisema ndani ya jicho mna ute mzito, kama ute mweupe wa yai. Ute wangu ulikuwa umeanza kujikunja na kuivuta retina, nayo ilikuwa imebanduka kama karatasi ukutani. Angeukata ule ute na kuunyonya wote, aichome retina kwa mwanga mpaka ishike, kisha alijaze jicho hewa ya aina fulani, ili hewa hiyo iisukume retina ukutani wakati inapona. Hewa ingeisha yenyewe baada ya majuma, na jicho lingejaza maji yake.

"Na kama haikushika?" nikauliza.

"Una jicho lingine?" akauliza. Nikamwambia habari za surua. Akalimulika tena lile la kulia, kisha akasema, "Basi tutahakikisha inashika."

Walinichoma sindano ya ganzi, wakaniacha macho. Sikujua kwamba mtu anaweza kuona upasuaji wake kutoka ndani. Niliona vijiti viwili vyeusi vikiingia katika mwanga, vikitembea taratibu kama miguu ya korongo kwenye bwawa, na matope yakiondoka mbele yao. Nilijaribu kutafuta maneno mazuri ya kueleza jambo hilo, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia yangu hata pasipohitajika, na nilikuwa bado natafuta waliponiambia tumemaliza.

Kwa siku kumi niliamriwa kuinamisha uso, mchana na usiku, ili hewa ipande nyuma ya jicho ambako retina ilikuwa. Tulikaa kwa shangazi wa mke wangu. Nilikula nimeinama, nikalala kifudifudi, nikasalimia wageni nikiangalia viatu vyao. Kwetu mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja mmoja, na si kila mgeni aliyeelezwa vizuri. Wengine walidhani nimefiwa. Katekista wa mtaa alikaa nami muda mrefu, akanisomea zaburi za toba, na alipokuwa anaondoka alimnong'oneza mke wangu kwamba, chochote nilichokifanya, amekwisha ona kwamba ninajuta.

Daktari aliporudi kuniona aliridhika. Retina ilikuwa imelala mahali pake. Aliniruhusu kuinua uso, akanipa karatasi yenye maneno mawili matatu ya Kifaransa, kisha akaondoka na ndege yake. Mke wangu alinisomea. Ilikatazwa kabisa kusafiri kwa ndege, na ilikatazwa kwenda kwenye altitude, yaani mahali pa juu, mpaka hewa iishe jichoni.

Tuliielewa vizuri. Ndege hatukuwa nayo. Na altitude, kwa jinsi mimi niliyesoma nilivyomfafanulia mke wangu ambaye hakuwa ameuliza, ni jambo la marubani na la wazungu wanaopanda volkano. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria Masisi. Mtu aliyezaliwa Masisi hajui kwamba yuko juu. Ng'ombe wako pale, maharage yako pale, mama yuko pale, na ukungu wa asubuhi ni ukungu tu. Juu ni mahali ambapo watu hawakai.

Kwa hiyo habari ziliposema kwamba barabara ya Sake huenda ikafungwa tena, na watoto wetu wako upande wa pili, tulikwenda kumtafuta mfanyabiashara aliyekuwa ametuleta. Alikuwa wa kabila la Wanande, kutoka Butembo, Mkatoliki mwenye rozari iliyoning'inia kwenye kioo cha lori. Aliliendesha mwenyewe, kwa sababu, alisema, dereva wa kuajiriwa hulala kwenye usukani, na bosi ndiye hukosa usingizi. Alikuwa anapeleka Kashebere petroli, chumvi, sabuni na biskuti. Alituweka mbele karibu naye.

"Prof, leo unainua kichwa," alisema. "Katekista amekusamehe?"

"Amenisamehe."

"Mungu iko mwema. Mimi bado ananidai."

Mpaka Sake safari ilikuwa njema. Nilikuwa nimefunikwa jicho kwa kitambaa, na mwanga ulipita katikati ya nyuzi, mweupe na wa kutosha kunifariji. Baada ya bariyeri, kizuizi cha wanajeshi barabarani, mlima ulianza. Lori lilishika gia ndogo na kuanza kunguruma. Tulipokata kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, nilihisi jicho likikaza kidogo. Nilidhani ni vumbi. Kwenye kona nyingine ilikuwa kama mtu ameweka dole gumba nyuma ya jicho na anasukuma litoke. Sikusema kitu. Nilikuwa nimeshachosha watu kwa ugonjwa huo miezi mizima, na niliona ni zamu yangu kuwa mtu wa kawaida. Kisha ule mwanga wa kwenye nyuzi ukaanza kupungua, na nikajiambia kwamba mawingu yamefunika. Kwetu mawingu hufunika.

Mahali fulani katikati ya mlima mfanyabiashara alisimamisha lori, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akapanda juu ya mzigo, kwenye madumu ya petroli. Tulisikia fsss, kisha fsss nyingine, na harufu ya petroli ikashuka. Mke wangu alikuwa amepakata pakiti za biskuti alizowanunulia watoto. Alizibonyeza.

"Papa," alimwita mfanyabiashara aliposhuka, "hizi biskuti zimevimba juu ya nini? Kule Goma zilikuwa lege."

"Ni mulima, Mama. Hewa ikifungwa chini, ukiipandisha inakuwaka na kiburi, inataka nafasi kubwa. Biskuti, maziwa ya sashe, bidon, yote inavimba. Njo maana mimi nasimamaka hapa kila safari, nafunguaka bidon kidogo zipumue. Mwaka ule sikufungua, kifuniko kimoja kiliruka karibu kinitoe meno."

Mke wangu alizibonyeza tena. Nilimsikia akiweka pakiti chini.

"Na ile hewa ya mu jicho yake?" akauliza.

Mimi ndiye niliyepaswa kujibu. Kanuni ilikuwa katika daftari la aliyenitangulia, karibu na mwanzo, yenye mchoro wa chupa na mshale, na nilikuwa nimeinakili ubaoni miaka mitatu mfululizo kwa chaki ya rangi: shinikizo la nje likipungua, gesi hutanuka. Nilikuwa nimewapa sifuri watoto walioisahau.

"Prof," mfanyabiashara akasema, "jicho inauma?"

"Kidogo."

"Tangu wapi?"

"Tangu kona ya tatu."

"Na unakaa tu hapo kama gunia." Alifungua mlango wangu. "Unaona mukono yangu?"

Sikuuona. Mke wangu alinitoa kitambaa, na bado sikuuona. Palikuwa na weusi tu, ulio sawa kila upande, kama ninavyowazia ndani ya jiwe.

Nilitaka kusema twende mbele, Masisi kuna hospitali. Lakini mfanyabiashara ndiye aliyeijua barabara. Alisema kileleni ni mbali bado, na ukishakipita huteremki tena mpaka usawa wa Sake, siku hiyo nzima. Masisi yote inakaa juu. Dawa ilikuwa chini, tena upesi. Lakini lori halikuweza kugeuka. Njia ilikuwa nyembamba, mzigo mzito, na upande mmoja bonde.

"Bidon nafungua kifuniko," alisema. "Wewe sina mahali pa kufungua. Mushuke kwa miguu. Ku Sake muulize depo yangu, dada yangu njo anakaaka pale. Mumwambie mimi njo nimewatuma, na asiwape biskuti za kuvimba."

Tulishuka. Mke wangu alinishika kiwiko cha mkono na kwenda mbele nusu hatua. Barabara ilikuwa na mawe na mashimo ya maji, na mimi nilikuwa kipofu kamili kwa mara ya kwanza maishani, hali niliyokuwa nimewahi kuiandikia insha ndefu yenye kichwa kizuri. Hakuna sentensi yake iliyonifaa. Kitu pekee kilichofaa ni mke wangu kusema "jiwe," "maji," "jiwe."

Kila kona aliuliza.

"Mwanga iko?"

"Haiko."

Kona nyingine. "Iko?"

"Haiko."

Maumivu yalianza kulegea kabla ya weusi. Nilimwambia, akasema vizuri, lakini nilisikia sauti yake haijaamini. Nami sikuwa na hakika. Daktari alikuwa ameondoka, na hata angekuwepo sikujua jicho linaweza kukaa gizani muda gani kabla ya kukubali. Nilihesabu hatua, nikapoteza hesabu. Niliwaza mambo madogo: kwamba ningeweza kufundisha kwa kichwa masomo yote isipokuwa michoro, na kwamba mke wangu angekuwa ananisomea, naye hapendi vitabu vyangu.

"Iko?"

"Sijui. Weusi umekuwa kama majivu."

Aliongeza mwendo, na kwenye shimo lililofuata alisahau kusema "maji."

Bariyeri ilikuwa ileile ya asubuhi, lakini wanajeshi walikuwa wamebadilishana zamu. Mimi nilitembea nimeinamisha kichwa, kwa mazoea ya siku kumi na kwa kuogopa mawe. Mmoja alitusimamisha.

"Weye, unaficha uso juu ya nini?"

"Ni mugonjwa," mke wangu akasema. "Walimupasua jicho."

"Afungue nione."

Mke wangu alinifungua kitambaa. Niliinua uso kule sauti ilikotoka. Nasikia lilikuwa jekundu kama nyama, lenye kitu kinachocheza ndani. Askari alirudi nyuma hatua moja.

"Eh. Na ndani munaweka nini?"

"Hewa."

"Hewa tu?"

"Hewa tu, shefu."

"Funika. Funika, pita na hewa yako."

Lakini nilimwomba mke wangu asifunike kwanza. Katikati ya majivu palikuwa na kitu chekundu, kidogo, kinachopepea. Niliuliza ni nini. Alisema ni mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye kamba ya bariyeri ili madereva waione. Niliuangalia mpaka askari akauliza kama ninataka kuununua.

Tulikaa Sake majuma kadhaa tukisubiri hewa iishe, katika depo ya yule dada, kati ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa na chombo cha kupimia. Hewa niliiona mwenyewe. Kwa kuwa jicho hupindua picha, niliiona chini, kama maji ndani ya glasi, yenye ukingo unaotikisika nikitembea. Juu ya ukingo huo dunia ilianza kuonekana: kwanza mwanga, kisha mbao za paa, kisha maandishi ya katoni ya sabuni, kila siku mstari mmoja zaidi. Kila asubuhi mke wangu aliuliza imefika wapi, nami nilionyesha kwa kidole usoni pangu. Dada wa mfanyabiashara, mama mnene mwenye maneno machache, alifuatilia kama mtu anayefuatilia mimba.

Katikati ya majuma hayo mapigano yalikaribia. Alasiri moja mlio ulisikika upande wa magharibi, na Sake nzima ikabeba magodoro. Katika nchi yetu watu wakikimbia hupanda; mlimani kuna migomba, kuna mashamba, kuna mahali pa kujificha na kuona anayekuja. Watu wote walipanda. Majirani walituita, na mmoja alirudi kunivuta mkono, akidhani sijaona njia. Sisi watatu tulikwenda peke yetu kandokando ya ziwa, kwenye barabara tupu ya Goma, mahali pa wazi kabisa, kwa ajili ya hewa iliyobaki chini ya nusu ya jicho. Dada wa mfanyabiashara hakuwa na jicho la kulinda. Nilipomuuliza kwa nini hakupanda na wengine, alisema magoti. Mapigano yaligeukia kwingine, tukarudi kesho yake, na chumvi ilikuwa pungufu.

Hewa ikawa duara, kisha duara ndogo kama kifungo, kisha kama maharage, ikicheza chini kila nilipoinama. Asubuhi moja haikuwepo. Niliinama, nikatikisa kichwa, nikalala kifudifudi nikainuka tena. Mke wangu hakukubali. Alisema nimewahi kutoona nusu ya sahani na kusema nimeshiba. Alininyima ruhusa ya kupanda mlima siku tatu, na kila siku alinitikisisha kichwa mbele ya mlango. Siku ya nne lori la mfanyabiashara lilipita.

"Sasa Prof amefunguliwa kifuniko?" aliuliza.

"Amefunguliwa."

"Tutaona ku kona ya tatu."

Kwenye kona ya tatu waliniangalia wote wawili. Hakuna kilichokaza. Kwenye kituo cha bidon alisimama, akafungua vifuniko, fsss, akaniuliza tena, nikamwambia hakuna. Hata hivyo niliendelea kuusubiri ule weusi mpaka juu kabisa, ambako njia hulala na vilima vya Masisi vinaonekana vyote kwa pamoja. Mfanyabiashara alisimama tena, safari hii kwa sababu ya injini kupata moto. Tulishuka.

Mistari iliyonyooka imebaki na kikunjo kidogo katikati, hata leo, na daktari mwingine aliniambia itakuwa hivyo siku zote. Lakini niliona. Mke wangu alisimama karibu yangu na kunisaili kama mwanafunzi.

"Unaona nini?"

"Ng'ombe. Uzio wa miti. Nyumba moja ya mabati, na nyingine imeungua."

"Na kule ku kilima cha pili?"

Niliangalia sana. "Kuna mtu anatembea. Amebeba kitu begani." Nilikaza jicho, nikainamisha kichwa upande huu na upande ule, nikaogopa kwamba jicho linaniacha tena. "Sioni ni nini. Inaweza kuwa jembe. Inaweza kuwa bunduki."

Mke wangu aliweka kiganja juu ya macho yake mawili mazima, akaangalia muda mrefu kuliko mimi.

"Hata mimi sioni," akasema. Akapanda lori, na mimi nikamfuata.